Kifua Tisini na Mbili

Kisangani, 9 Februari 1964

Shangazi Zaina mupenzi,

Nakusalimia sana. Mugongo wako iko namna gani? Siye tuko muzima, mutoto wetu Fatouma tu alipata mafua, imepita.

Nimeanza kazi ya kushona. Usishtuke. Bwana yangu Jafari alipanda boti kwenda Barumbu tangu Oktoba, kimya mpaka leo, na masomoni wakamurudisha Fatouma nyumbani juu ya kukosa uniforme. Nililia siku moja. Bon, siku ya pili nikakata pazia ya salon, nikamushonea. Mama watatu waliona vile inamukaa, wakaleta watoto wao. Sasa mashine iko mulangoni, na nikisikia sauti yake najisikia mutu.

Haya moja inaniuma. Nilienda kujiandikisha darasa la kushona, Madame wa pale akauliza kama najua kusoma. Nikamuonyesha daftari yangu ya vipimo, yote kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani. Akacheka, akaandika: hajui. Marie-Jeanne, mwalimu wa Fatouma, ambaye namushonea nguo, anataka kunifundisha herufi za Kifaransa. Niitupe daftari ile?

Mutoto wako,
Mangaza

Ubundu, 1 Machi 1964

Mangaza mutoto yangu,

Salamu nyingi. Mugongo unauma, lakini unaumia kazini.

Tupa pazia yote, daftari hapana. Watu wanafikiri niliuza samaki kwa kukosa bwana. Uongo. Kaka yangu, baba yako, alisema mutoto mwanamuke atafanya nini chuoni. Nikakausha samaki, kila Ijumaa kapu moja kwa mwalimu Alfani, na wewe ukakaa mbele. Jioni ulirudi ukanifundisha mimi. Ndiyo maana leo tunaandikiana bila kutafuta karani. Basi nani hajui kusoma?

Herufi za Marie-Jeanne zichukue pia. Kichwa chako hakijajaa.

Shangazi yako

Ubundu, 20 Septemba 1964

Mangaza,

Treni haiji. Sijui barua hii nani ataibeba. Wanasema huko mujini vijana wa uasi wanatafuta walimu na makarani, wote wenye kujua Kifaransa. Kama uko muzima, nitumie mustari moja. Hata kipande cha nguo.

Shangazi

Kisangani, 3 Septemba 1965

Shangazi yangu,

Tuko wazima. Naanza na hiyo, upumue. Barua yako ya mwaka jana imenifikia juzi.

Marie-Jeanne pia iko muzima. Alikaa kwetu wiki tisa, nyuma ya marundo ya vitambaa. Asubuhi moja waliingia vijana wanne na mikuki, wakauliza karatasi za Kifaransa. Waliona daftari tu. Mukubwa wao akaifungua, akarudi nyuma. Alifikiri ni dawa.

"Soma," aliniambia.

Shangazi, nilisoma hesabu kwa Kiarabu, na ile sauti ya chuoni. Ilikuwa kifua cha Marie-Jeanne, tisini na mbili, halafu kiuno, halafu mukono, na mwenyewe iko nyuma yangu haonekani. Wakavua kofia. Mukubwa akaomba ukurasa moja wa kuvaa shingoni kama hirizi. Nikamupasulia ukurasa wa suruali ya jirani yetu Benoît.

Walipoondoka tulicheka mpaka tukalia. Jafari bado kimya, hiyo inaniuma. Lakini namushukuru Mungu, na wewe nakushukuru kwa kila kapu la samaki. Marie-Jeanne anasema asante ya kukupa wewe imechelewa miaka ishirini. Sasa ananifundisha herufi zake, namufundisha zangu. Jumapili mama wa sokoni wanakuja hapa barazani kusoma na sisi.

Mutoto wako,
Mangaza

Ubundu, 12 Septemba 1965

Mangaza mutoto yangu,

Nimesoma barua mara tatu, na machozi hayakuniacha. Asante kwa kuishi.

Nakuja na treni ya wiki ijayo. Jumapili nataka kukaa mbele kabisa, lakini sina nguo ya kuvaa masomoni. Ndani ya barua utakuta kamba ninayofungia makapu. Nimejipima nayo: fundo la kwanza ni kifua, la pili kiuno, la tatu mukono.

Niandike kwa daftari, pale ilipotoka suruali ya Benoît.

Shangazi yako, mwanafunzi