Tawi la Juu Waachie Kunguru

Tuyserkan, 28 Mordad

Kwako binti yangu Mahnush,

Salaam nyingi. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, na kile kikohozi cha moshi wa Tehran kimekuacha. Mimi ni mzima kabisa, sina hata mafua. Mama yako pia ni mzima, ila hayupo. Amekwenda Hamedan kwa dada yako Nasrin, ambaye amejifungua mtoto wa kiume, na hatarudi mpaka arubaini ya uzazi iishe. Ameniachia sufuria la dengu na maagizo ya kunitosha mwaka mzima.

Usipige tena simu kwa jirani yetu Mashdi Yadollah. Unajua masikio yangu niliyaacha vitani. Ukizungumza, anayesikia ni yeye, na kabla hajanipigia kelele sikioni mtaa mzima umeshajua. Jana muuza maziwa amenipa pole. Nikamuuliza pole ya nini, ndipo nikaambiwa binti yangu amemaliza mbio za baiskeli akiwa wa kumi na moja. Mwaka jana wasichana hao waliokupita walikuwa wanauona mgongo wako tu. Niandikie mwenyewe. Anza na salamu kama watu, halafu unieleze kimetokea nini.

Kokwa za jozi zimenona mwaka huu. Mjozi wa babu yako umebeba mpaka matawi yameinama. Tutaanza kuangua katikati ya mwezi ujao wa Shahrivar.

Baba yako


Tehran, 6 Shahrivar

Baba yangu mpendwa,

Naibusu mikono yako. Usichoke na kazi za shamba. Mimi ni mzima kabisa, nakula vizuri, nalala vizuri. Mpe mama hongera za mjukuu, na Nasrin mwambie nitakuja kumwona mtoto nikipata nafasi.

Kuhusu mbio, nitakueleza kama ilivyokuwa. Kwenye mlima wa mwisho miguu ilinikatalia. Haikuuma. Nilikanyaga pedeli na hakuna kilichokuja, kama mtu anayefungua bomba siku ambayo maji yamekatwa. Nilishuka nikasukuma baiskeli, na wasichana wakanipita mmoja mmoja. Kocha Parvaneh anasema kosa ni letu sote wawili. Tangu majira ya kuchipua nimeshindana karibu kila wiki, na kila niliposhindwa nikaongeza mazoezi. Ameniamuru wiki nzima nisiguse baiskeli, kisha nirudi taratibu.

Mwisho wa mwezi ujao wa Mehr kuna mbio za uteuzi. Wanawake wawili tu ndio watakwenda kwenye mashindano ya Asia. Mmoja ni Hengameh, hilo halina ubishi. Nafasi iliyobaki ni yangu, baba. Sijakodi chumba hiki na kukaa mbali nanyi ili nirudi kusema nilikaribia.

Basi ndiyo hivyo, napumzika kama nilivyoagizwa. Asubuhi hizi hewa ni safi. Leo jua lilipogusa kilele cha mlima Tochal, mabonde yote ya chini yalikuwa bado yamejaa ukungu, nikasema laiti baba angeyaona.

Na wewe usipande mti. Nakuomba kwa roho ya ami Heshmat. Tafuta waanguaji wa kulipwa, au nije mimi.

Binti yako, Mahnush


Tuyserkan, 13 Shahrivar

Mahnush jan, mpenzi wangu,

Salaam, na usichoke. Mimi ni mzima. Mama yako ametuma habari kuwa mtoto anafanana na mimi, maskini.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Unapumzika, vizuri. Nilichoshindwa kuelewa ni mahali kitanda chako kilipo. Nilipokuja chumbani kwako niliona dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ukuta wa jirani. Sasa mtu aliyelala akitazama ukuta ameuonaje ukungu wa mabondeni, tena kwa juu? Mimi ni kiziwi, sijawa kipofu. Ulipanda Tochal na baiskeli, alfajiri, katika wiki uliyoamriwa kulala. Kocha wako anajua?

Mtazame dada yako. Amelala, anakula uji wa kachi wenye siagi na zafarani, na hata baba mkwe wake anamletea maji. Hakuna anayemwita mvivu. Mwili wake umefanya kazi kubwa na sasa unaachwa ujirudie. Wewe nani amekudanganya kuwa wako umetengenezwa kwa chuma kama hiyo baiskeli?

Huku usije kwanza. Nimeajiri vijana wawili wa kijiji cha juu, wanapanda kama paka. Mimi nimekaa chini na birika langu la chai, nawaelekeza tu. Ukija wakati wa jozi huwezi kukaa na mikono safi watu wanakuona, nakujua. Lala huko huko.

Baba yako anayekupenda


Tehran, 20 Shahrivar

Baba,

Salaam. Usichoke, tena safari hii naisema kwa maana yake, si kama salamu tu, kwa sababu nimeshajua unafanya nini.

Pembeni mwa barua yako kuna alama ya dole gumba jeusi. Nyuma ya bahasha kuna jingine. Chai haimpaki mtu rangi hiyo. Ni maji ya maganda mabichi ya jozi, na nimekaa nayo mikononi kila vuli ya utoto wangu. Mwalimu alikuwa anatutoa darasani tukanawe na rangi haikutoka. Wale vijana wawili wanaitwa nani? Niandikie majina yao na baba zao. Hakuna vijana. Uko peke yako juu ya mti na fimbo ndefu mkononi, na mama akiwa Hamedan hakuna wa kukuteremsha.

Haya, na mimi niseme. Ni kweli nilipanda Tochal, si siku hiyo tu. Kocha hajui. Kila asubuhi ananiuliza, "Hujachoka, Mahnush?" na kila asubuhi namjibu, "Uwe mzima, kocha, niko tayari." Wewe ndiye uliyenifundisha kujibu hivyo. Kwetu kusema umechoka ni kama kumwekea mgeni viatu vyako mezani. Halafu nikilala mchana naona wenzangu wanakanyaga. Namwona Hengameh anapanda mlima mmoja baada ya mwingine na mimi niko kwenye blanketi. Nafsi inanisuta mpaka nainuka. Nikiwa juu ya baiskeli miguu ni mizito kama imefungiwa mawe, lakini angalau moyo unatulia.

Sasa sikiliza masharti yangu. Siku utakayopanda mti, mimi nitapanda mlima. Ukiteremka, nitateremka. Tuone nani ana kichwa kigumu zaidi katika familia hii.

Mahnush


Tehran, 2 Mehr

Baba yangu,

Salaam. U hali gani? Hujajibu. Nimepiga kwa Mashdi Yadollah hapokei, na mama hataki kusema chochote ila kwamba uko na kazi nyingi.

Jumatano nilianguka kwenye kona ambayo naweza kuipita nimefumba macho. Nadhani nilikuwa nimefumba kweli, maana sikumbuki kuiona. Kiwiko tu kimechubuka, usihangaike. Niandikie. Hata mstari mmoja, hata na dole jeusi, nitafurahi.

Binti yako


Tuyserkan, 9 Mehr

Mwanangu Mahnush,

Salaam kutoka kwangu na kwa mama yako ambaye amesharudi na ananisimamia ninapoandika. Unaniuliza hali. Maisha yangu yote nimejibu swali hilo kabla halijaisha kuulizwa. Leo nitalijibu vizuri. Magoti yananiuma, mgongo unaniuma, na nimelala kitandani tangu juzi. Sikuanguka. Nimeanza na hilo ili usisome barua kwa kurukaruka.

Juzi hiyo nilikuwa kwenye mjozi wa babu yako tangu asubuhi. Jua lilipoanza kuzama lilibaki tawi la juu tu, lile lile. Heshmat naye alikuwa amebakisha hilo siku aliyoanguka akatuacha. Tulimwambia teremka ule, akasema ngoja, hili moja tu. Mimi nilikuwa chini nimeshika mkate wake.

Nikainua mguu nianze kulipanda. Nikajiambia, hili moja tu, Nosrat. Nilipojisikia nasema vile mwili wote ulipoa. Nikalikumbatia shina na sikuweza kupanda wala kushuka.

Chini akapita Yadollah na punda wake, akainua mkono. Sikumsikia, lakini mtu akiinua mkono chini ya mti wa mwenzake anasema nini kingine? Usichoke. Tangu nina akili nimejibu uwe mzima. Nilijibu hivyo hata siku tulipomzika Heshmat. Safari hii nikafungua mdomo nikasema, "Nimechoka."

Nawe unajua kiziwi hajui kunong'ona. Mama yake Yadollah amenisikia akiwa tanurini upande wa pili wa bonde. Yadollah alidhani nimepagawa. Alitupa kamba ya punda, akapiga mayowe, wakaja watu na ngazi na magodoro, na yule muuza maziwa akaja na shuka la harusi yake. Wakaniteremsha kama kabati. Nikakalishwa, nikapewa chai, na wakanicheka mpaka usiku. Nilitarajia kuona haya. Sikuona, Mahnush. Nililia kidogo, wakajifanya hawaoni.

Kesho yake wakaja wenyewe wakaangua iliyobaki. Yadollah akaniambia, yaani alinipigia kelele, "Miaka yote tunapita hapa tunatamani kukusaidia, na wewe unatujibu uwe mzima kama mtu anayefunga mlango." Tawi la juu nikawaambia waliache. Kunguru wanazila jozi zake hivi sasa, nawaona dirishani, na sijapungukiwa na kitu.

Nimeteremka. Masharti ni yako mwenyewe. Kesho asubuhi kocha wako akikuuliza, mjibu. Najua unavyoitaka nafasi hiyo. Kwa sababu unaitaka, mjibu ukweli.

Baba yako, mwenye magoti mabovu


Tehran, 20 Mehr

Baba yangu,

Naibusu mikono yako na magoti yako. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za nyumba na mpangaji wa chini akaniuliza kama kuna msiba. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja.

Nilimwambia. Kocha aliuliza kama kawaida, "Hujachoka?" nikasema, "Nimechoka, tangu Mordad." Alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Akasema, "Miezi miwili nakupangia mazoezi ya mtu mwingine." Alikasirika, na haki anayo. Kisha akang'oa magurudumu yote mawili ya baiskeli yangu akayaweka kwenye gari lake, akaondoka nayo.

Alinifuta kwenye mbio za wiki hiyo. Nilikwenda kuzitazama shingo upande, nimeshika chupa za maji za wenzangu. Hengameh alishinda. Raheleh, ambaye ndiye ninayegombea naye ile nafasi, alikuwa wa pili, akanipita akatabasamu. Usiku ule ningekuwa na magurudumu ningepanda Tochal gizani. Sikuwa nayo, nikalala.

Nililala mpaka jirani akaja kugonga. Nilikula mkate wa sangak na jibini kama mtu aliyetoka jela. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko mlima wowote, baba, na wala sikutii kwa upole. Nilitii kwa kusaga meno. Halafu asubuhi moja nikapanda ngazi za nyumba na mfuko wa viazi, nikafika juu, nikagundua sikuhema.

Magurudumu yamerudi. Sasa nafanya kazi ngumu kidogo, halafu napumzika kwa bidii ile ile. Kocha ananiuliza kila asubuhi na mimi namjibu ukweli. Kuna siku nasema nimechoka, ananirudisha nyumbani. Kuna siku nasema niko tayari, naye ananiamini.

Mbio ni wiki ijayo. Siku ya kuamkia mbio sitafanya lolote ila kupaka mnyororo mafuta. Niombee.

Binti yako


Tehran, 4 Aban

Kwa baba yangu mheshimiwa, Mashdi Nosrat,

Kabla ya yote, salamu, kwa sababu nimelelewa. Natumai barua hii inakukuta mzima, na magoti yamepata nafuu. Mama naye hajambo? Mkono wake haumsumbui kwa baridi hii? Nasrin na mtoto wanaendeleaje? Mtoto bado anafanana na wewe, au Mungu amemhurumia? Msalimie Mashdi Yadollah na punda wake. Msalimie muuza maziwa na umwambie shuka lake lifuliwe kwa maji baridi. Wasalimie kunguru wa tawi la juu.

Najua umeshaanza kuruka mistari. Rudi juu usome salamu zako, ulizitaka mwenyewe.

Haya. Duru ya kwanza nilikuwa nyuma sana, na nikajilazimisha kubaki huko, maana kocha alisema nguvu niliyoipata kwa kulala nisiimwage mapema. Ilikuwa vigumu kuliko kukanyaga. Duru ya pili nikawa wa tano. Mtandio ulikuwa umelowa jasho chini ya kofia ngumu na vumbi limenijaa mdomoni. Hengameh alikuwa ameshapotea mbele. Kwenye mlima wa mwisho, nikiwa sasa wa tatu, nikamwona Raheleh. Aliweka mguu chini, akapanda tena, akaweka tena. Nilimtambua, baba. Alikuwa mimi wa Mordad. Miguuni bado alikuwa na zile mbio ambazo mimi nilifutwa, na mazoezi ya kila siku juu yake.

Nilikanyaga na safari hii nguvu zilikuja. Nilipompita nikamwambia, "Usichoke, Raheleh." Akajibu, "Uwe mzima," na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Nimemaliza wa pili. Jina langu liko kwenye orodha ya Asia.

Jioni nilimtafuta Raheleh nikamweleza habari ya mjozi wako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba namba ya kocha Parvaneh. Nimempa. Mwaka ujao huenda akanishinda, na shauri lake.

Nakuja Alhamisi. Kocha anataka nikae bila baiskeli mpaka aniite. Jozi zimeshakauka na kuingia maguniani, kwa hiyo nitapita mtaani na mikono safi mchana kweupe. Mwambie mama atengeneze kachi, ingawa sijazaa. Na mtu akija mlangoni kuuliza yule bingwa wenu yuko wapi, usimwambie nimekwenda shamba. Mwambie amechoka, amelala.

Binti yako, Mahnush