Resori za Papa na Ukurasa Niliouruka

Papa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika maungamo. Siku ile nilipokusomea kitabu cha gari, niliruka ukurasa mmoja. Niliuruka kwa makusudi.

Utakumbuka, ilikuwa kongé, likizo ya Pasaka. Gari dogo ambalo muzungu wa shamba la pareto alikuachia alipohama lilikuwa limesimama juu ya magogo nyuma ya nyumba. Injini ulikuwa umeshaiponya mwenyewe, kwa mikono na masikio. Kilichobaki ni mwendo wake. Kwenye kona za huku Bihambwe lilikuwa likilala ubavu kama ng'ombe aliyechoka, na likipita shimo liliendelea kurukaruka hata shimo lilipokuwa mbali nyuma. Ulitaka litulie kwa sababu ya Mama. Tangu alipoteleza na mzigo wa mihogo, nyonga yake haimruhusu kutembea mbali, na mama yake, Koko wetu wa Itebero, hakuwa amemwona kwa miaka sita. Ulisema gari hilo halina kazi nyingine duniani: limfikishe Mama Itebero, kisha likipenda life.

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa. Wewe uliendesha kamyo za mizigo vizuri kuliko wote pale shambani, lakini Kifaransa cha vitabu hukukijua, na mimi ndiye nilikuwa mtoto wako wa shule ya masista. "Soma, mama," uliniambia, maana nina jina la mama yako. "Kitabu inasema nini?"

Nilisoma kwamba resori zikiongezwa vipande, gari halilali tena kwenye kona. Hilo nililielewa. Resori ni vile vyuma bapa vilivyolaliana, virefu juu na vifupi chini. Hata mimi niliona kwamba vikiwa vingi vitakuwa vigumu kupinda. Kisha nikafungua ukurasa uliofuata, nao ulijaa maneno ambayo sikuwahi kuyaona. Nilisoma mstari wa kwanza mara mbili kimoyomoyo, nikashindwa. Ulikuwa ukinitazama kwa furaha, Papa, nyundo juu ya magoti. Asubuhi ile jirani alikuwa amepita akicheka, akauliza tangu lini mutoto mwanamuke analala chini ya gari, nawe ukamjibu kwamba huyu hakuja kulala, amekuja kusoma. Sasa ningesemaje kwamba msomaji wako hajui? Nikageuza karatasi. Nikasema imeishia hapo.

Ukaniamini. Ulichukua resori iliyovunjika ya kamyo, ukaenda kwa mfua chuma, mkakata na kupinda vipande vinne, ukaongeza viwili kila upande. Nilikupa bulo za kufungia, moja moja, vidole vyangu vikinuka grisi, na nilikuwa na raha kuliko siku nyingine yoyote. Hiyo nayo ni kweli.

Halafu ukapima kwa kibuyu. Ulikuwa umenisimulia mara nyingi jinsi, kabla ya barabara, mlivyowabeba wagonjwa mabegani juu ya kipoyi, machela ya miti, na jinsi wazee walivyowajaribu wabebaji wapya: waliweka kibuyu cha kasiksi juu ya kipoyi kitupu, wakawapandisha mlima, na aliyemwaga hiyo pombe ya ndizi hakuionja. Ulikuwa ukiinuka na kutuonyesha uani, magoti yamekunjwa kidogo, mabega yametulia kama meza, mpaka Mama anacheka. "Magoti njo inabeba, haiko bega," ulisema. "Mugonjwa haiko fuko ya maharagi."

Kibuyu chetu kiliruka kutoka kwenye kiti kabla hatujafika mtoni, kikapasuka. Gari halikulala tena kwenye kona, lakini kila jiwe lililipiga teke. Mama alijaribu hata hivyo. Kabla ya kufika Muheto aliomba tumrudishe, na alishuka amefunika uso kwa kitenge. Wewe ulibaki umesimama, ukivitazama viganja vyako. "Mukono yangu njo imeharibu," ulisema.

Nilikuwa kando yako, kitabu kwapani.

Nilirudi shule. Mvua zilipoanza ulishikwa na kifua, na habari ilinifikia ikiwa imechelewa. Nilifika siku moja baada ya wao kukuzika. Udongo ulikuwa bado mwekundu na laini. Nilitaka kukuambia pale pale, lakini watu walikuwa wengi, na unajua nilivyo mbele ya watu.

Sasa majani yameota kaburini. Mama amevuna maharagi mara moja bila wewe, akiwa ameketi, anajivuta kutoka shina hadi shina. Gari lilibaki nyuma ya nyumba. Kuku wa Mama alitaga kwenye kiti cha nyuma, akaatamia, na nilipofika kongé hii na kusema nataka kulitengeneza, Mama alisema tungoje kwanza vifaranga vitoke. Tukangoja siku tisa.

Siku hizo tisa zilinifaa. Niliazima kamusi kwa sista, nikaketi na ukurasa ule neno kwa neno. Papa, unajua ukurasa huo ulisema nini? Ulisema maneno yako. Kwamba resori isiyopinda haibebi, inapiga. Kwamba lazima ikubali kushuka, na kazi ya kuizuia isirukeruke ni ya amortiseri, kile kikopo cha chuma chenye mkono, ambacho ndani yake kunatakiwa mafuta. Vikopo vyetu vilikuwa vikavu. Sisi tulikaza magoti ya gari, kumbe yalihitaji kulainishwa. Ungeusikia ukurasa huo ungeuelewa mara moja, kuliko mimi, kuliko sista. Ulikuwa wako, nami nilikunyima.

Mdogo wako, Baba mudogo, alikuja kusaidia. Aliuliza kama kitabu kitashika nyundo. Nilimwambia kitabu kitamwambia mahali pa kupiga, akacheka, akalala chini ya gari. Kati ya vipande viwili ulivyoongeza kila upande tulitoa kimoja tukaacha kimoja, ili gari lisirudi kulala kwenye kona. Tulisugua kutu, tukapaka grisi kati ya chuma na chuma. Dereva wa misioni alinipa mafuta ya amortiseri katika chupa ya dawa, na nikayamimina mwenyewe. Kisha nikaegemea kona ya gari, nikalikandamiza kwa uzito wangu wote na kuliachia. Zamani lilipanda na kushuka mara nne, mara tano. Safari hii lilipanda mara moja, likatulia.

Jana tuliweka kibuyu kipya cha kasiksi kwenye kiti, juu ya kata ya majani ya mgomba, tukaenda mpaka Muheto na kurudi. Kilipungua upana wa kidole. Baba mudogo alikunywa nusu, akasema, "Hii ingekuwa ya kaka." Iliyobaki hakuigusa.

Kesho asubuhi tunaondoka. Nakuahidi mambo mawili. Kabla Mama hajaingia garini nitamwambia habari ya ukurasa. Na siku nitakapokuwa mwalimu, sitasema "imeishia hapo" mbele ya mtoto yeyote kwa sababu tu mimi sijui. Nitasema sijui, tutafute.

Mkono wako haukuharibu chochote, Papa. Ulifanya sawasawa na nilivyokusomea. Pumzika sasa. Mungu akuweke mahali pasipo mawe.

Mimi mtoto wako, mwenye jina la mama yako.

Papa, naongeza hapa chini. Niko Itebero.

Nilimwambia Mama akiwa ameshika mlango wa gari. "Na miye nilizani ni nyonga yangu imezeeka," alisema. Kisha akanipiga begani, si kwa nguvu, akaingia.

Tulilala njiani kwa wakristo wa Walikale. Barabara ya msituni ina matope na mizizi, na Baba mudogo aliimba akiendesha, ili tusiogope madaraja ya miti. Nilikuwa nikigeuka kila mara kumtazama Mama kwenye kiti cha nyuma, nione kama amekunja uso. Mara moja niligeuka nikakuta kichwa chake kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo. Alikuwa amelala usingizi. Sikumwonyesha Baba mudogo; niliogopa ataacha kuimba, na ukimya ungemwamsha.

Koko alitoka mlangoni akipapasa ukuta, kwa maana haoni vizuri tena. Alimshika Mama uso, kisha mabega, kisha ile nyonga, akauliza ni nani waliombeba kutoka mbali hivyo.

Mama akamjibu, "Ni papa ya huyu mutoto."

Walipoingia ndani nilibaki nje. Nilifuta matope kwenye resori kwa jani, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Nikaegemea kona ya gari, nikalikandamiza na kuliachia. Likapanda mara moja, likatulia. Nikachukua mzigo wa Mama, nikaingia.