Mnazi Juu ya Tuta

Jumatatu, 26 Aprili 1971
Nimetia ndoo ya maji kwenye tangi la choo, kama kila asubuhi. Maji yakipungua humo, harufu yote hupanda nyumbani. Mume wangu Omari alijifunza mambo haya kwenye hoteli wanazojenga hapa Diani, akatujengea na sisi: tangi la saruji, bomba la udongo, na tuta la mchanga la kunywa maji machafu, maana chini ni mwamba mtupu, shimo halichimbiki. Kisha akaenda Malindi kujenga hoteli nyingine. Ndoo ameniachia mimi. Ndoo na mamake.

Mavyaa hatii maji hata siku moja. Anasema choo cha kunyweshwa kama mbuzi si choo.

Jumatano, 28 Aprili
Mvua kutwa. Tuta limelowa, linavuja upande wa kisimani. Nimemwonyesha mavyaa. Ati umande. Umande gani unaonuka?

Mnazi umenifika kifuani. Kitovu cha mwanangu Bakari kilipokatika, mimi sijatimiza arubaini, bado nimo ndani, mavyaa alikwenda akakizika kwenye tuta na kupanda mnazi juu yake. Udongo laini ni pale tu, alisema. Hakuniuliza. Omari alikuwa amekwisha kutukataza: pale yasiote ila majani. Nilinyamaza kwa heshima. Heshima gani ile, upumbavu tu.

Ijumaa, 30 Aprili
Amekuja Bwana Afya, kijana wa bara, mabuti hadi magotini. Anakagua vyoo vyote vya matangi. Ameniamuru nifunue mfuniko. Waliosema mavi ya kale hayanuki hawakusimama pale. Akatumbukiza kijiti, akapima, akasema tope lizolewe kila mwaka, mfuniko usifukiwe, mbuzi asifungwe kwenye tuta. Yote nayajua. Halafu akauona mnazi.

"Hii mnazi itoke," akasema. "Mizizi inapasua bomba. Nikirudi Ijumaa niikute bado iko, nafunga choo na kisima."

Mavyaa hakuwa amemwitikia hata salamu. Akasema kutoka mlangoni: "Basi nizikwe mimi kwanza."

Bwana Afya akanikodolea macho mimi.

Jumapili, 2 Mei
Hatusemezani. Anamwambia Bakari, ili nisikie mimi, kwamba mnazi wa mtu ukikatwa mwenyewe hakai duniani. Mtoto hajui hata kusema maji!

Maji yenyewe yana ladha. Nayachemsha. Nikigeuka, mavyaa anampa ya mtungini, ati ya kuchemshwa yamekufa. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 4 Mei
Mavyaa amekwenda Majoreni, kwenye hitima ya nduguye. Atalala huko.

Nimeshika jembe. Nimechimba, nimekata, nimevuta mpaka viganja vikachubuka. Mnazi umetoka na kipande cha bomba kimekumbatiwa na mizizi. Bomba lilikwisha kupasuka zamani. Nimeziba kwa matambara na saruji iliyobaki. Mnazi nimeutupa nyuma ya ua. Kitovu sikukiona. Sikukitafuta.

Nimefurahi, siongopi.

Jumatano, 5 Mei
Bakari anaharisha tangu alfajiri. Macho yamezama.

Ni maji. Bomba lilipasuka, uchafu umeingia kisimani, naye amekuwa akinyweshwa. Najua hivyo. Na bado nimekwenda nyuma ya ua kuutazama ule mnazi, nikarudi, nikaenda tena. Majani yameanza kunyauka. Naogopa.

Mavyaa amerudi adhuhuri. Ameliona tuta kabla hajamwona mtoto.

"Umemng'oa mwanangu, mkaza mwana," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Tumempakia kwenye lori la mchanga mpaka hospitali, Msambweni. Yeye amemshika kichwa, mimi miguu.

Ijumaa, 7 Mei
Bakari amekojoa. Sikujua mtu anaweza kulia kwa furaha ya mkojo.

Daktari amesema ni maji ya kisima. Amesema mbele yetu sote wawili. Nilimtazama mavyaa, nikitaka aone haya. Alikuwa anatazama dirishani, midomo inacheza, anasoma dua. Nimekosa hata raha ya kushinda.

Alhamisi, 20 Mei
Mvua imetulia. Bomba jipya limetiwa, tuta limefunikwa majani. Bwana Afya ametia dawa kisimani na ameridhika. Bakari anakimbiza kuku.

Tuliporudi kutoka hospitali mavyaa hakupumzika. Alichota udongo pale mnazi ulipokuwa, akaufunga kwenye pindo la leso. Akatwaa mtaimbo wa Omari, akaenda mwisho kabisa wa kiwanja, mbali na bomba, akaanza kupasua mwamba. Siku baada ya siku, kidogo kidogo, na umri ule. Sikumsaidia. Shimo lilipotosha akautia ule udongo, akausimamisha mnazi ule nilioutupa. Kila asubuhi huupelekea maji. Ya Bakari huyachemsha mwenyewe.

Leo hakuamka, mgongo umemshika. Nimemkanda kwa maji ya moto.

Kisha nimetia ndoo yangu kwenye tangi. Nikarudi kisimani, nikateka nyingine, nikaenda nayo mpaka mwisho wa kiwanja. Majani ya chini yamekauka yote. La katikati bado bichi. Nimemwaga maji polepole, yasipite pembeni.