Mashine Uliyoichagua na Phyllis

Wairimu,

Umekufa ukaniachia Phyllis. Ningeweza kuanza kwa salamu kama watu wengine, lakini wewe unanijua, kitu kikinikaa kooni sili mpaka nikitoe. Umeniachia uwanja wetu wa harusi wa Loresho, nyasi zimefika magotini, fuko wamejenga mtaa mzima kule chini karibu na mto, na juu ya hayo yote umeniachia Phyllis.

Nianze na mazishi, kwa sababu hukuyaona na mimi bado yananiuma. Ilipofika zamu ya kuweka mashada, emsii aliita familia, akaita wakwe, akaita kanisa, kisha akasema, "Sasa marafiki wa karibu, wakiongozwa na Phyllis." Wakiongozwa! Nilikuwa nimesimama na shada langu tayari, nikaanza kutembea, na mama mmoja mwenye beji ya kamati akanishika mkono akaniambia ningoje kidogo. Niliitwa baadaye, kwenye "wafanyakazi wenzake", pamoja na yule jamaa wa mahema na yule wa kukodisha viti. Wafanyakazi wenzake, Wairimu. Sisi tuliolala chali kwenye nyasi zilezile tukinywa chai kwa kifuniko kimoja cha thermosi. Nilipofika kaburini niliweka shada langu juu ya la Phyllis, na usifikiri ilikuwa bahati mbaya.

Unakumbuka Phyllis alivyoingia kwetu? Alikuja kama mteja, mama wa Kileleshwa mwenye gari lake na miwani ya jua, siku ya mahari ya binti yake. Kisigino cha kiatu chake kikazama kwenye shimo la fuko mbele ya wageni wote, na wewe ukakimbia kumwinua. Mimi ndiye niliyekuwa nimekwambia asubuhi kwamba tuzibe lile shimo. Mlicheka nyinyi wawili mpaka mkashikana mabega. Nilikuwa upande wa pili na reki yangu, nikaona, na moyo wangu ukaniambia hapo nimeingiliwa.

Kabla yake tulikuwa wawili tu na ule uwanja wenye mabonde na vilima. Shamba la kahawa la zamani, mashina yaling'olewa lakini ardhi haikuwahi kulala sawa, na sisi tukaukodi tukasema hapa watu watafanya harusi. Wewe mrefu ulisukuma ile moa ya mkono ya kukatia nyasi, mimi mfupi nikakufuata na reki. Ukimaliza ulivua viatu ukatembea uwanja wote peku, ukitafuta kwa nyayo mahali mtu anaweza kujikwaa. "Bibi harusi akianguka, Nafula, ni sisi tumeanguka." Halafu tulikaa chini na mandazi yetu tukaongea juu ya ile mashine ya kukaliwa, ile ya mipini miwili inayogeuka palepale ilipo kama mtu aliyeitwa jina nyuma yake. Ziro-tani. Ulikuwa ukilitaja hilo jina kama mtu anayetaja mchumba. Tulikubaliana siku tukiinunua, tutaenda kuichagua pamoja. Ulisema pamoja, nilikusikia vizuri.

Sasa sikia nilivyokuja kujua. Ni kwenye matanga, nyumbani kwako, mimi ninagawa chai, Phyllis ameketi kwenye kochi lako kana kwamba alizaliwa hapo. Akaniambia kwa sauti ya upole, "Mama Joy, hiyo mashine ya nyasi msijali. Mimi na Wairimu tulizunguka maduka yote. Kuna moja alipenda."

Nilibaki nimeshika birika. Mimi uliniambia unaenda kliniki, presha inakusumbua kidogo. Kumbe kliniki ilikuwa kweli, na haikuwa ya presha, na Phyllis ndiye aliyekuwa anakungoja kwenye benchi pale nje. Mkitoka hapo mnaingia kwenye gari lake mnaenda kutazama mashine. Uliyajua majibu yako ya daktari na Phyllis akayajua, na mimi niliyekuwa nakuona ukipungua kila wiki nikaambiwa umeacha sukari. Hata habari mbaya nilizitaka, Wairimu. Ningezibeba vibaya, ningelia, ningekuudhi, lakini zilikuwa zangu pia. Nilimwaga chai kwenye zulia lako siku ile, na nikasema mkono umeteleza.

Basi mvua ndefu zimekwisha. Kuna harusi ya mtoto wa mchungaji inakuja, na ile moa ya mkono imekufa kwenye kilima kile cha mjakaranda, imekohoa tu ikanyamaza. Pesa za mashine tulishaziweka kwenye chama zamani, hizo hazikuwa shida. Shida ni kwamba kati ya watu wote waliobaki duniani, aliyejua ulichokitaka ni Phyllis. Nikaapa kwamba chochote atakachonionyesha, nitachukua kingine.

Alinichukua kwangu Kabiria na gari lake tukaenda mjini, kwenye duka moja Barabara ya Kirinyaga. Nilikaa kiti cha nyuma. Akauliza kwa nini nakaa nyuma kama bosi, nikamwambia hewa ya mbele inaniumiza kichwa. Njia nzima alikuwa ananisimulia mlivyokuwa mkienda, wewe ukimwelekeza njia za mkato na kula njugu, maganda yote kwenye gari lake. Alisimulia kwa furaha, na kila ganda la njugu lilinichoma.

Dukani muuzaji akatuonyesha mbili. Moja kubwa, nyekundu, injini ya kutisha, na lile sanduku la visu lililo chini yake ni pana kama meza ya wageni. Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, ya kijani, sanduku lake jembamba lakini la chuma kizito kilichoungwa kwa kuchomelewa, magurudumu ya mbele manene, na kiti chake kimekaa juu ya springi. Nikaona Phyllis ameiangalia ile ya kijani, akavua miwani. Hapo hapo nikasema nataka nyekundu.

"Hiyo kubwa alikataa," akasema. "Alisema itanyoa hizo milima mpaka mchanga."

Wairimu, hayo maneno yalikuwa yangu! Mimi ndiye niliyekwambia, tumekaa palepale chini ya mjakaranda, kwamba sanduku likiwa pana halifuati mgongo wa ardhi, linaelea juu ya bonde na kunyoa kilima. Uliyachukua maneno yangu ukampa yeye, na sasa ananifundisha nayo. Nikayakana papo hapo. Nikasema hayo ni mambo ya watu wasiojua uwanja, kubwa inamaliza kazi haraka. Wakanipandisha juu yake nyuma ya duka, kwenye matofali ya cabro yaliyolala sawa kama sakafu, nikasukuma mpini mmoja nikavuta mwingine, ikazunguka vizuri mno. Nilicheka kwa sauti ili asikie.

Phyllis hakubishana. Alimwomba muuzaji azilete zote mbili Loresho tuzijaribu kwenye nyasi zenyewe. Muuzaji akakubali mara moja, na hilo pia liliniudhi, kwa sababu mimi nikiomba watu huwa wananiuliza maswali.

Walizishusha asubuhi. Nikapanda ile nyekundu mbele ya watu wote, nikaielekeza kwenye kilima cha mjakaranda kwa mwendo ule wa cabro. Nilirushwa juu ya kiti mpaka meno yakagongana. Nilipogeuka kwa ghafla kule kwenye mteremko, gurudumu moja likasimama na kusokota nyasi zikatoka na mizizi yake. Nilipotazama nyuma nikaona kipara chekundu juu ya kilima, udongo mtupu, mkubwa wa kutosha kulaza ng'ombe. Hapo ndipo bibi harusi husimama kupigwa picha, na mimi ndiye niliyepanyoa. Muuzaji akaangalia viatu vyake. Phyllis naye akaangalia kando kwa heshima, na hiyo heshima yake nusura initoe machozi.

Nikashuka, nikapanda ile ya kijani kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya.

Kiti kilinifaa. Mimi, ambaye kwenye kila kiti cha hii Nairobi miguu yangu inaning'inia, nilikaa na nyayo zangu zikafika chini zikatulia. Mipini ikanikuta mkononi. Nikapita juu ya kilima polepole, sanduku likapanda na kushuka nacho, nyasi zikabaki kijani zimelingana. Nikafika mpaka kule mtoni na kurudi. Nilirudi nimenuna, maana ilikuwa nzuri.

Ndipo Phyllis akasema. Hakusema kwa upole safari hii, alisema kama mtu aliyechoka. "Hicho kiti ndicho alikuwa anatafuta. Kila duka tukiingia, ya kwanza ni kuvuta kiti mbele mpaka mwisho. Anakaa hivyo, magoti yake yote yamegonga hizo mipini. Muuzaji anamwambia, madam, rudisha nyuma kidogo, anakataa. Anasema mwenye kuendesha ni mfupi. Aki Mama Joy, mimi nilichoka na jina lako. Nafula hivi, Nafula vile. Niko na yeye siku nzima kwa gari yangu, na ni wewe tu anaongelea."

Nikwambie ukweli, kitu cha kwanza nilichosikia ni raha. Alikuwa na wivu! Yule mama wa Kileleshwa na miwani yake alikuwa ananionea wivu mimi, na nikaionja hiyo raha kama sukari. Ilikaa kidogo tu. Halafu nikakuona, na miguu yako ile mirefu, umejikunja kwenye kiti cha dukani, magoti kwenye chuma, ukijua hutaikalia hiyo mashine hata siku moja. Ulikuwa unamnunulia mtu mwingine. Nilizima injini nikalia juu yake, na muuzaji akaenda kujifanya anakagua matairi ya pikapu.

Nilimuuliza Phyllis kwa nini hukuniambia. Akasema ulisema nikijua nitaanza kukulilia ukiwa bado unatembea. Ni kweli ningelia. Lakini ni wewe uliyepaswa kuniambia hivyo, nisisikie kutoka kwake.

Tumechukua ya kijani. Imelala kwenye stoo, nimeifunika na lile shuka lako la maua. Na usidhani wivu umeisha. Yeye alipata zile safari, na njugu, na benchi la kliniki, alipata kukuona ukiogopa. Mimi nilipata kiti. Bado ningebadilishana naye leo hii kama angekubali.

Jioni alinirudisha Kabiria. Nilifungua mlango wa mbele safari hii. Kile kiti cha abiria kimesukumwa nyuma kabisa, mpaka mwisho, vile ulivyokiacha. Nilikaa nikawa kama mtoto, miguu haifiki popote, nikainama kutafuta kile chuma cha kukivuta mbele. Akaniwekea mkono begani. "Hicho usiguse, tafadhali." Maganda ya njugu bado yako pale chini, hajayafagia. Nilichukua moja nikaliweka mfukoni, na sidhani aliniona.

Sasa niende, nyasi haziningoji. Nakuahidi hivi. Kile kipara nitakipanda upya kwa mikono yangu kabla ya harusi, na nitapita polepole kwenye vilima vyote. Nikimaliza kukata nitavua viatu nitembee uwanja mzima peku, kwa nyayo zangu hizi fupi, hata kama itanichukua muda mara mbili yako. Watu wako wanataka kuweka tailsi kaburini. Nimewaambia waache mahali pa kichwani, nitakuletea nyasi za kwetu, na hizo nitazikata na makasi. Phyllis atanileta, kwa kuwa gari ni lake.

Ameomba nimfundishe kuendesha ziro-tani. Nimemwambia nitafikiria, nikamkazia uso. Nimeshaamua, Wairimu. Nitamfundisha wiki ijayo, kule nyuma kwanza ambako hakuna maua, na kiti nitamrudishia nyuma kidogo. Lakini usimwambie. Angalau hili moja ulijue wewe na mimi, na yeye asilijue.

Lala salama, rafiki yangu.

Nafula