Kwa Shangazi: Kwa Nini Sitawafuta Mafundi

Bweni la Watafiti,
Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba goti limeacha kukusumbua kila upandapo ngazi za hoteli hiyo unakofua mashuka. Je, baridi imepungua huko? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo, usimwambie mama.

Barua yako niliipata. Unanisihi nikubali anachotaka profesa wangu, nichukue shahada yangu, ubishi uje baadaye. Nimeirudia kuisoma, kwa kuwa hujawahi kunishauri kwa ubaya. Hata hivyo, safari hii sitakutii, na ninakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua kwamba ninachunguza jinsi watu wazima wanavyojifunza sarufi ya lugha ya pili. Profesa anaamini kuwa binadamu huzaliwa na ramani ya sentensi kichwani, na kwamba ramani hiyo hufungwa utotoni. Mtu mzima, kwa maoni yake, atakusanya maneno mpaka azeeke, lakini mifupa ya sentensi za lugha ngeni haitamwingia kamwe.

Niliowapima ni akina mama wa karakana ya ushonaji iliyo nyuma ya stendi, waliohamia hapa ukubwani na kujifunza lugha palepale kwenye cherehani. Walisikiliza sentensi zilizorekodiwa, nyingine nzima, nyingine tumezivuruga makusudi, kisha wakaulizwa ipi ni sawa na ipi si sawa. Walizikubali karibu zote. Profesa alifurahi: nadharia yake imesimama.

Mimi moyo haukutulia. Akina mama haohao wakigombania mkasi hutoa sentensi ndefu zisizo na kasoro. Nikamuuliza yule tunayemwita Mama Pasi, kwa kuwa haachii mtu pasi yake, kwa nini aliipitisha sentensi iliyopinda waziwazi.

“Mwanangu,” akasema, “ile ni sauti ya mzee wa watu, tena msomi. Nimwambie usoni kwamba hajui kusema? Mimi nimelelewa.”

Kweli, aliyezirekodi alikuwa profesa mwenyewe. Basi nikazirekodi upya sentensi zilezile kwa sauti yangu, nikazipeleka kwa mafundi wa karakana ya jirani, ambao nao wamehamia ukubwani na hawakuwa wamepimwa. Sentensi mbovu ya kwanza haikufika mwisho.

“Wewe binti, umekula nini leo?”

“Hebu rudia, tucheke vizuri!”

Fundi mmoja alisimamisha cherehani akanitengenezea sentensi nzima, kama anayenipunguzia gauni kiunoni. Sentensi mbovu zikakataliwa, moja baada ya nyingine.

Sidai kwamba nimeiangusha nadharia. Huenda wale wa pili wamekaa hapa muda mrefu zaidi. Huenda kicheko cha mmoja kiliwaongoza wengine. Huenda hata profesa yuko sahihi katika jambo ambalo kipimo changu hakiligusi. Ninachokiona, na sioni namna ya kuacha kukiona, ni kwamba kipimo cha kwanza kilipima adabu, nasi tukaiita kutoweza.

Sasa profesa ameniamuru niifute karakana ya pili katika tasnifu, la sivyo hatatia saini nifike mbele ya watahini. “Binti, nadharia haiangushwi na mafundi cherehani,” aliniambia mbele ya wenzangu. Nikamjibu, “Profesa, nakuheshimu, lakini siwafuti.” Wenzangu wakainamia vitabu kana kwamba mvua imeanza kunyesha mle ndani.

Alhamisi kikao cha idara kitatusikiliza sote wawili. Nitazipeleka rekodi zote, zake na zangu, na mashaka yangu nitayaweka mezani mwenyewe kabla hawajayatafuta. Wakininyima shahada, nitaondoka bila shahada. Lakini wale akina mama hawatatoka katika kazi yangu wakiwa wamebandikwa jina la watu wasioweza.

Nami nina swali kwako. Umeandika kwamba kichwa chako ni kigumu kushika lugha ya huko ugenini, kwamba miaka yote hiyo bado unamwitikia msimamizi wako “ndiyo, ndiyo”, hata asemapo upuuzi. Mbona juzi kwenye simu nilikusikia ukigombana na jirani yako kwa lugha hiyohiyo, wala hukumpa nafasi ya kupumua? Shangazi, una hakika tatizo ni kichwa?

Nisalimie binamu zangu wote wawili, Kidoti na kaka yake Mpole. Bibi na mama wanakusalimu sana. Mama bado anajisifu kwa lile koti ulilomtumia.

Mungu akulinde katika kazi zako. Mimi usiniombee saini. Niombee kwamba Alhamisi, sauti ile ya mzee itakaponiuliza kama ni sawa, nisiwe nimelelewa kupita kiasi.

Wako akupendaye hata anapokukaidi,
Binti wa kaka yako, yule mbishi.