Tiki Yangu kwenye Pointi Namba 31

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kinoo. Alhamisi, 6 Mei 1976, saa 3.20 asubuhi. Mwandishi: Koplo Mwanzia.

Jina langu ni Hemed Taib, umri miaka 43, mzaliwa wa Mombasa. Kazi yangu ni kuchora ramani katika ofisi moja mjini. Naishi Kileleshwa. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa, na naomba afande aandike nisemavyo, asinipambe.

Ofisi yetu imechora ramani ya misitu kwa picha za setilaiti. Kijani ni msitu, rangi iliyopauka ni mahali palipokatwa. Picha hupigwa kutoka juu sana na yaweza kudanganya. Kwa hiyo tuliweka pointi hamsini, na kila moja lazima mtu aifikie kwa miguu, atazame, ndipo atie tiki kwamba ramani na ardhi zinalingana. Kwa miguu, afande. Sharti hilo niliandika mimi.

Mnamo Ijumaa tarehe 9 Aprili, saa 4.30 asubuhi, nilifika msitu wa mianzi ulio juu ya Limuru. Mlinzi wa msitu, Ephantus Kariithi, alikuwa akiningoja barabarani kwenye mvua. Alikuwa ameniletea gambuti zake za akiba. Akasema, "Bwana Hemed, namba 31 iko bondeni. Ni kilomita mbili tu, twende nikuonyeshe." Nilitazama matope, nikatazama viatu vyangu vipya, nikatazama saa. Nilitaka kuwahi sala ya Ijumaa mjini. Pale barabarani niliona ng'ambo pamepauka, sawasawa na ramani. Nikasema, "Yatosha, naona." Nikatia tiki kwamba pamekatwa. Na hiyo sala sikuiwahi, gari lilikwama.

Jumatatu tarehe 3 Mei Ephantus alikamatwa, akashtakiwa kwamba amewauzia watu mianzi ya ekari arobaini. Ushahidi wenyewe ulikuwa ramani yetu na tiki yangu. Tangu siku hiyo yumo katika seli ya kituo hiki.

Jumanne saa 2.00 asubuhi mkewe, Waithira, alikuja ofisini. Hakulia wala hakupiga kelele. Laiti angenitukana! Alifungua leso akatoa tawi la mwanzi lililokauka, limejaa mbegu kama za ngano. Akasema, "Mianzi imetoa maua, ikafa yote pamoja. Hakuna aliyekata. Njoo uone." Mkubwa wangu, Bwana Navin, alisikia. Aliniuliza polepole, "Hemed, ulishuka bondeni?" Nikasema nilishuka. Lahaula! Uongo ulinitoka mbele ya mwanamke yule, na tawi liko mezani.

Jana, Jumatano, nilimfuata Waithira hadi msituni. Nilifika pointi namba 31 saa 5.10 asubuhi, kwa miguu yangu. Mianzi yote imesimama, mikavu. Nilitafuta kisiki saa nzima. Wallahi sikuona hata kimoja chenye alama ya panga. Chini yake miche ya kijani imeanza kuota, mirefu kama kidole. Niliketi kwenye matope nikalia, mtu mzima mimi. Waithira alinipa leso ileile nijifute.

Leo saa 1.30 asubuhi nimemweleza Bwana Navin ukweli. Amesema, "Nenda kaseme. Ramani tutaichora upya."

Afande ameniuliza kama kuna pointi nyingine nilizotia tiki bila kufika. Jibu: zipo sita. Namba zake nimeziandika kwenye karatasi hii.

Niliyoyaona kwa macho nimeyasema, na yale niliyodai nimeyaona, nayo nimeyasema. Ephantus hakuuza hata mwanzi mmoja. Maelezo yangu ni hayo.

(Sahihi) Hemed Taib

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Mshukiwa ameachiliwa saa 8.45 mchana kwa amri ya mkuu wa kituo. Shahidi alikuwa bado ameketi kwenye benchi la nje. Alimwomba mshukiwa radhi, akamtajia na zile pointi sita zilizobaki. Mshukiwa akamwambia, "Haya, twende lini? Gambuti bado ziko."

(Sahihi) Kpl. Mwanzia