Kuhama si Kutupa

Alhamisi, mlimani juu ya Mkuyuni. Mvua ya masika imetufungia hemani tangu adhuhuri. Kila kitu kina unyevu, hata karatasi hii.

Nina aibu. Nimeliandika neno hili mapema nisije nikalizungukazunguka, kama kawaida yangu.

Leo asubuhi Bwana Misitu alipata alichokitafuta siku nne nzima: kuta za mawe ndani ya msitu, zinafika kiunoni, zimefunikwa na mimea. Mafiga matatu bado yamekaa sawasawa, na kando yake jiwe la kusagia lililolika katikati. Mzungu huyo alifurahi kama aliyeokota hazina. Serikali inataka kuutenga msitu huu, watu wasilime wala kukata miti, na yeye ametumwa kuandika kila penye dalili za makazi: pana umri gani, na mwenyewe ni nani. Pakiwa pa kale na hapana mwenyewe, panachukuliwa. Mimi ni karani na mkalimani wake. Naongea na watu, najaza karatasi.

Ndani ya nyumba moja ulikuwa umeota mti. Bwana aliwaamuru askari waukate, akapiga magoti, akahesabu mikanda kwenye kisiki, mmoja kwa kila mwaka. Arobaini. "Miaka arobaini," akasema, nami nikaandika.

Nani asiyejua kwamba huku tuna masika na vuli? Mti unanyeshewa mara mbili kwa mwaka, huenda unavaa mikanda miwili. Wazo hilo lilinijia pale pale. Nikalimeza, maana jana tu Bwana alinisifu mbele ya askari kwamba hajapata mkalimani hodari kama mimi.

Kisha akauliza mahali hapa panaitwaje. Nikajibu haraka, kifua mbele: "Mahame, Bwana."

"Maana yake?"

"Watu wamehama. Hapana mtu."

"Basi hapana mwenyewe."

"Hapana, Bwana."

Ndipo akatokea mama mmoja mtu mzima, jembe begani, na binti yake nyuma amebeba mtoto mgongoni. Hakuja na ugomvi. Alikitazama kile kisiki kwa muda, kisha akanigeukia, akasema nami Kiluguru taratibu. Aliona kwamba nakisikia. Nakisikia sana, mama yangu alizaliwa upande wa pili wa mlima huu.

Alisema hivi, nami nayaandika yote, maana sikuyasema palipostahili: "Mti huo niliupanda mimi ndani ya nyumba ya mama yangu, siku tulipomzika hapo pembeni. Binti yangu huyu alikuwa anatambaa. Tukahama ili ardhi ipumzike. Wajukuu watarudi kulima. Kuhama si kutupa."

Yule binti hakuwa amefikisha hata miaka ishirini na mitano. Umri wa mti ulikuwa umesimama mbele yetu, umebeba mtoto.

Bwana akauliza mama anasema nini.

Nikamwambia anaomba kuni.

"Mwambie achukue zote," akasema Bwana kwa ukarimu, akageuka kwenda kupima kuta. Yule binti, ambaye kumbe hupeleka mboga Morogoro na Kiswahili anakijua vizuri, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mama hakusema hivyo."

Nikajifanya hamnazo. Nikafungua daftari, nikaandika hata sijui nini.

Siwezi kusingizia hofu. Bwana huyu si mkali, hajawahi kuniinulia mkono. Ilitosha niseme, "Bwana, nimekosea." Lakini askari walikuwa wananitazama, na kanzu yangu ilikuwa nyeupe, sikutaka ipate doa.

Tena mahame nayajua tangu utotoni. Mama alikuwa akinipitisha mahali kama pale, penye mafiga tu katikati ya nyasi, naye hapiti bila kuacha unga kiganja kimoja na kuwasalimu waliolala hapo. Nikimuuliza ni kwa nani, ananiambia, "Kwa wenyewe." Na huku mtoto ni wa ukoo wa mama. Watu wale ni watu wangu, na leo nimewafuta kwa neno walilonifundisha wao.

Mficha uchi hazai, ndiyo maana naandika.

Kesho mchana tunateremka kwenda bomani, na Bwana anataka nakala safi kabla ya hapo. Nimeianza sasa hivi. Kwenye umri nimeiacha arobaini, nimeandika ishirini na ushei. Kisha nikafika palipoandikwa "Mwenyewe". Nikachovya kalamu niandike jina la yule mama.

Sikumuuliza jina lake.

Nimekaa na kalamu mkononi mpaka wino ukadondoka. Nilisimama na mtu mzima kama yule, mkubwa kuliko mama yangu, nikamgeuzia maneno kinywani, na sikumuuliza jina. Hata shikamoo sikumpa.

Kesho alfajiri nitapanda kumtafuta, halafu nitamwambia Bwana mbele ya askari walewale kwamba nilisema uongo. Asiponiajiri tena, basi. Kinachonitisha ni yule mama. Akikataa kunitajia jina lake, nitamlaumu kwa lipi?

Nitaanza na shikamoo.